Hodi ya Jumatatu

Hodi hupigwa na aliye nje. Mtoto wa pwani hulijua hilo kabla hajaweza kufunga vifungo vya shati lake: ukifika mlangoni kwa mtu unasimama kando, unapaza sauti, unangoja. Aliye ndani ndiye anayejibu. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumatatu, Mwalimu Seif alipopita mbele ya chumba cha Gredi ya Tano na kusikia mtu akisema "Hodi", haikumpitikia mara moja kwamba mambo yamekaa kinyume. Mlango ulikuwa na kufuli. Ufunguo wa kufuli ulikuwa mkononi mwake. Sauti ilitoka ndani.

"Karibu," akajibu.

Ulimi ulijibu wenyewe, kwa mazoea, na miguu ikaendelea kutembea. Alikuwa keshafika kwenye mlingoti wa bendera ndipo aliposimama. Akarudi. Akafungua kufuli na kusukuma mlango, akitarajia kumkuta muumini aliyesahauliwa ndani tangu ibada ya jana, labda mama mmoja aliyelala nyuma ya madawati.

Hakukuwa na mtu. Chumba kilikuwa kimefagiliwa vizuri, kama waumini walivyokifagia kila Jumapili. Ubaoni palibaki alama za maneno yaliyofutwa kwa kitambaa kibichi. Palinuka chaki iliyolowa na jasho la watu wengi, na chini ya harufu hizo palikuwa na nyingine, ya maji yaliyokaa mtungini kupita siku zake. Mwalimu Seif akafungua madirisha yote, akaenda kupiga kengele.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Mirihini, nje kidogo ya Matsangoni. Mzaliwa wa Takaungu, msomi wa sayansi, mtu wa maneno machache. Majini aliamini kuwa wapo, kwa sababu wametajwa Kitabuni, lakini aliwaamini kama mtu anavyoamini kuwa kuna nchi fulani ya mbali ambayo hakuwahi kufika na hana safari ya kwenda. Mkewe, Lubna, alifariki mwaka uliopita kwa maradhi ya figo. Tangu hapo aliishi katika nyumba ya mwalimu pembeni mwa uwanja wa shule, yeye na mtoto wake wa pekee, Mwanabibi, aliyekuwa akisoma Gredi ya Tano katika chumba hichohicho.

Habari ya chumba ilikuwa hivi. Kanisa la Moto Mpya lilikuwa likisali kwenye kibanda cha makuti kando ya barabara kuu mpaka upepo ulipokiangusha. Wazee wa kanisa walikwenda kwa bodi ya shule, na bodi, ambayo nusu yake ni waumini wa kanisa, ikawapa chumba cha Gredi ya Tano kila Jumapili, kwa muda tu. Kilikuwa kikubwa kuliko vyote na sakafu yake haikuwa na nyufa. Kabla hata ya hao, Ustadh Zuhair alikuwa akisomesha chuo cha Kurani mumo humo jioni, na siku za Alhamisi aliwasomea kisomo wanawake walioshikwa na pepo. Shule ni ya umma, walisema wote, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana. Mwalimu Seif hakuwa na neno. Alichotaka ni madawati yarudishwe mahali pake.

Jumatatu ile, kabla ya mapumziko, Mwalimu Linet wa Gredi ya Tano alikuja ofisini.

"Mwalimu mkuu, njoo unisaidie. Watoto wangu leo wameamua kuwa viazi guniani."

Hakuwa akitania. Watoto walikuwa wamebanana wanne wanne kwenye madawati ya mbele, magoti juu, madaftari mapajani. Nyuma, karibu na dirisha, dawati moja refu lilikuwa tupu.

"Kwa nini hamkai kule?" Mwalimu Seif aliuliza.

Wakatazamana. Mwishowe kijana mmoja aitwaye Chengo, ambaye kwa kawaida hakosi la kuchekesha, akasema pole pole, "Pana mtu, mwalimu."

Hakuna aliyecheka.

"Mtu gani?"

"Hatumjui. Wiki yote iliyopita alikuwa anapiga hodi. Sisi tulikuwa tunakimbia." Chengo akalitazama lile dawati. "Leo hapigi tena. Leo amekaa."

Mwalimu Seif alikasirika. Akawaambia kwamba ule ni upuuzi, kwamba dawati ni ubao na misumari. "Nani atakwenda kukaa pale awaonyeshe wenzake kwamba hakuna mtu?"

Mkono mmoja ulinyanyuka, na ulikuwa wa Mwanabibi. Alimtazama baba yake kama anavyomtazama mtu mzima aliyejiingiza kwenye aibu na sasa anahitaji kutolewa. Akachukua mkoba wake, akaenda nyuma, akakaa.

Alikaa ukingoni kabisa mwa benchi, akiacha nafasi kubwa upande wa dirisha.

*

Nyumbani walikula kwenye mkeka, kwa sinia moja. Usiku ule wa kwanza Mwanabibi alijisogeza mpaka goti lake likatoka nje ya mkeka.

"Mbona umekaa pembeni?"

"Nimempisha."

"Umempisha nani?"

"Mgeni wa darasani." Alisema hivyo huku akimega wali, kwa sauti ileile aliyotumia kuomba chumvi. "Baba, si wewe uliyemkaribisha?"

Mwalimu Seif aliweka tonge chini. Hakuwa amemwambia mtu yeyote habari ya ile hodi.

"Anaongea?" aliuliza, na akashangaa kusikia kwamba ananong'ona.

"Anauliza tu. Anapenda habari za mama. Yeye hakuwahi kuwa na mtu wake mwenyewe, ndiyo maana hajui kukaa na watu. Nimemwambia nitamfundisha."

Kwenye chuo cha ualimu alikuwa amesoma kwamba mtoto aliyefiwa huweza kujizulia mwenzi wa kuzungumza naye, na kwamba si vizuri kumkemea. Akalishika jambo hilo kwa mikono miwili. Usiku kucha alijirudia kwamba Chengo na wenzake walisikia paka, kwamba yeye mwenyewe alisikia upepo kwenye mabati, kwamba Mwanabibi aliyapata maneno ya ile hodi kwa mtoto mwingine aliyekuwa uwanjani. Yote yalieleweka. Alipoamka alikuta mkeka wa kulia, aliouacha umekunjwa ukutani, umetandikwa katikati ya chumba.

Alhamisi akawaita ofisini kwake Mchungaji Thuku na Ustadh Zuhair pamoja. Aliwamiminia chai, akauliza moja kwa moja.

"Pepo mnaowatoa kwenye chumba changu, wakishatoka wanakwenda wapi?"

Mchungaji Thuku alikuwa mtu wa bara, mwenye sauti nzito na mkono mwepesi wa kushika bega la mwenzake. Akacheka. "Mwalimu! Wanakimbia. Ukiwasha moto, panya utamuuliza anakwenda wapi?"

"Panya huhamia kwa jirani," Ustadh Zuhair alisema bila kuinua macho kwenye kikombe.

"Basi jirani naye awashe wake."

"Jirani huwasha kila Alhamisi. Nikiingia tu nakuta chumba kimejaa wageni wako."

"Wangu? Ustadh, tuheshimiane. Wale ninaowatoa mimi wanajitambulisha kwa Kiarabu."

"Na hawa wangu wananiomba soda na biskuti. Wamezoeshwa na nani?"

Wakacheka wote wawili, maana walikuwa wakipatana kuliko waumini wao walivyodhani. Mwalimu Seif hakucheka.

"Sikuuliza ni wa nani," alisema. "Nimeuliza wanakwenda wapi."

Mchungaji akazungusha kikombe chake. Ustadh akakohoa. Ilionekana wazi kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo. Kila mmoja alikuwa akishughulika na mgonjwa, na mgonjwa akishatulia kazi imekwisha, watu wanafungua mlango wanakwenda kula.

Akajaribu kukifunga kile chumba. Mzee Gona, mwenyekiti wa bodi, akamjia nyumbani na kumsihi kwa upole. "Mwalimu, ukiwafungia hawa itabidi uwafungie na wale. Ukiwafungia wote, wazazi watasema mwalimu mkuu anapiga vita dini. Unataka hayo, na wewe bado una msiba?" Ofisini kwa wakubwa wa elimu akaambiwa asubiri shule zifungwe. Kwa mwalimu mwenzake wa zamani kule Kilifi akaambiwa apumzike. Jumapili ikafika, viti vya plastiki vikashushwa kutoka kwenye pikapu, na kutoka kibarazani kwake Mwalimu Seif akasikia makofi, kisha kilio cha mwanamke, kisha sauti nyingi kwa pamoja: Toka! Toka! Toka!

Mwanabibi, aliyekuwa akichambua mchele, akainua kichwa. "Maskini," alisema.

*

Haikuwa usiku siku aliyousikia wimbo. Ilikuwa mchana wa jua kali, watoto wamekwenda zao, naye amefuata miwani yake nyumbani. Alipokaribia mlango wa uani akasikia mtu akiimba jikoni.

Ulikuwa wimbo wa kumbembeleza mtoto. Lubna hakuwahi kuyajua maneno yake yote, kwa hiyo alipofika mahali asipopajua alitia majina ya vitu vilivyo karibu naye: kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, mwiko, kipande cha mkaa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeuimba hivyo. Sauti ile jikoni ilifika mahali pale, ikasita kidogo, ikatia kibao cha mbuzi.

Na harufu ilikuwa ya kikuba, kishada cha asumini na rehani, kama alichokuwa akichomeka Lubna nyweleni jioni za Ijumaa.

Mwalimu Seif hakuingia. Alikuwa na shahada ya sayansi, alikuwa mwalimu mkuu, alikuwa amemzika mkewe kwa mikono yake na kuuona udongo ukifika juu. Na pamoja na hayo yote alipindua ndoo pale uani, akaikalia, akasikiliza. Wimbo ulipokwisha akabaki ameinamisha kichwa. Kisha akaingia, na jikoni hakukuwa na mtu ila Mwanabibi, amekaa kwenye kigoda na muhogo aliouacha nusu umemenywa, macho yamelegea, mikono baridi.

Siku iliyofuata akatoka shuleni mapema. Siku ya pili yake vilevile. Ndoo ikawa mahali pake. Alikuwa akijua kwamba anafanya jambo baya, na alilijua kwa uwazi uleule ambao mgonjwa wa sukari huwa nao akinyoosha mkono kwenye halua. Sauti ilikuwa ikijifunza. Mwanzoni haikuweza kucheka. Ilitoa mkoromo kama wa mtu aliyepaliwa. Baada ya siku kadhaa ikacheka kicheko cha Lubna, cha kuziba mdomo kwa kiganja na kupiga mguu chini mara moja, na kishindo kile kidogo cha mguu kikapita ardhini mpaka kwenye ndoo aliyoikalia. Siku nyingine ikasema kupitia ukuta, kwa utani ule wa zamani, "Mwalimu, leo kengele haijalia?" Lubna hakuwahi kumwita kwa jina lingine, hata nyumbani, hata katika siku zake za mwisho.

Alitaka kujibu. Aliuma mdomo mpaka akaonja damu.

Mwanabibi alikuwa akikonda. Alikula nusu ya chakula chake na nusu akaiacha imepangwa vizuri upande wa pili wa sinia. Mwalimu Linet akasema darasani analala, na akiamshwa huuliza swali moja tu, ni siku gani leo. Mwalimu Seif akampeleka zahanati. Damu yake ilikuwa safi. Akajiambia ni kipindi tu, kitapita.

Jumamosi mtoto alikuwa akipanga kabati, akaja na picha mkononi, ile ya harusi ya shangazi yake kule Mambrui, Lubna amesimama peke yake mlangoni akicheka.

"Baba, huyu ni nani?"

Alidhani anatania. Akamtazama usoni, akaona kwamba hatanii. Mwanabibi aliishika ile picha kwa adabu, kama picha ya jamaa wa watu wengine.

"Ni mama yako," alisema.

"Aa." Aliitazama tena, akitafuta la kusema. "Mama hayuko hivi."

"Yuko vipi?"

Mwanabibi akanyoosha kidevu, akielekeza nyuma ya bega la baba yake, kwenye mlango wa jikoni.

Mwalimu Seif hakugeuka. Alimkalisha mtoto kitandani, akamuuliza mama alikuwa akimwimbia nini, hajui. Akamuuliza kikuba kinanukaje, hajui. Akamuuliza ni nani aliyemshika mkono siku ya kwanza ya shule. Mwanabibi alifikiri, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kujua yanatoka kwa sababu gani. "Nilimpa," alisema. "Alikuwa hana kitu, baba. Nilimpa yeye."

*

Bi Pola wa Matsangoni alikuwa fundi wa pepo, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja na simu isiyokoma kuita. Alimsikiliza Mwalimu Seif mpaka mwisho, kisha akaizima ile simu.

"Anampa mgeni mama yake kidogo kidogo," alisema. "Mama akimalizika, atampa nini? Hatabaki na kitu ila nafsi yake. Kesho nitakuja."

"Kesho Jumapili. Kanisa litajaa."

"Tukingoja Jumatatu hutanihitaji."

Alifika jua likiwa la utosi. Kule darasani ngoma na kinanda vilikuwa vimepamba moto. Bi Pola akafunga madirisha, akatia makaa kwenye chetezo, akanyunyiza ubani, akamlaza Mwanabibi mkekani na kumfunika shuka jeupe kutoka kichwani hadi miguuni. Hakukemea wala hakupiga kelele. Aliongea kwa heshima, kama mtu aliyetumwa kuulizia posa.

"Mgeni, salama?"

Shuka halikutikisika. Moshi wa ubani, uliokuwa ukipanda wima, ukapinda na kuelekea kwa mtoto.

"Salama," ikajibu sauti. Haikuwa ya Mwanabibi, na haikuwa bado ya Lubna. Ilikuwa kavu, ya chini, ya mtu asiyezoea kuulizwa.

"Jina lako?"

"Sina. Nilikuwa kwa Everlyne."

Mwalimu Seif alimjua Everlyne, muuza chapati wa pale stendi. Aliwahi kuanguka na kugaagaa kwenye kile chumba, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka siku moja akasimama mzima, akashukuru, akahamia Mtwapa kwa kaka yake. Watu waliomwona walisema amenenepa.

"Mbona hukurudi kwenu?"

"Kwetu sikukumbuki. Nilimwingia Everlyne angali mchanga, tukakua pamoja. Wakasema toka. Nikatoka." Sauti ikanyamaza, na waliokuwa mle ndani wakasikia pumzi ikivutwa, ndefu, ndefu kuliko kifua cha mtoto kinavyoweza kuvuta. "Hakuna aliyesema niende wapi. Nikakaa ndani nikapiga hodi. Watoto wakakimbia. Yule pale akasema karibu."

Mkono mdogo ukatoka chini ya shuka na kumwelekea Mwalimu Seif barabara, ingawa uso ulikuwa umefunikwa.

Bi Pola akaweka koleo chini. "Mwalimu, ulimjibu?"

"Nilijibu."

"Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Unamkaribishaje mtu usiyemwona?"

"Ni adabu tu, Bi Pola. Mtu akipiga hodi unajibu. Hata wewe ungejibu."

Bi Pola akafikiri. "Hata mimi," alisema, kwa sauti ya uchovu. "Basi sina uwezo juu yake. Hakuingia kwa mlango wa wizi, aliingia kwa neno lako, na ni neno lako litakalomtoa. Utasema hivi: nilikukaribisha mimi, nakuaga mimi, nenda. Mara moja, bila kurudia. Atapita mlangoni. Akishapita, kwa lolote utakaloliona na kulisikia, usimwite. Umenielewa? Ukimwita umemkaribisha mara ya pili, na hapo hakuna fundi."

Akafungua mlango wa mbele. Mwangaza wa mchana ukaingia, pamoja na sauti za darasani, ambako sasa walikuwa wameanza: Toka! Toka!

Mwalimu Seif akasimama. Aliyasema maneno yote kwa mpango, kama mtu anayesoma imla.

"Nilikukaribisha mimi. Nakuaga mimi. Nenda."

Shuka likateleza. Mwanabibi akaketi, akajifuta uso, akasimama. Akatembea mpaka kizingitini, akainama, akavaa ndara zake, na kwa kuwa mkanda mmoja ulikuwa umelegea akaurudisha tunduni kwa kidole gumba kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Kisha akageuka. Uso ulikuwa wake. Sauti ilikuwa yake.

"Baba, nimekosa nini?"

Bi Pola alimshika Mwalimu Seif kifundo cha mkono. "Si yeye," alinong'ona. "Usijibu. Si yeye."

"Unajua?"

Bi Pola akazidi kukaza mkono.

"Bi Pola, unajua kwa hakika?"

Mtoto alikwisha shuka kibarazani, akawa anakata uwanja kwenye jua kali, mabega yamekaza kama ya mtoto anayejizuia kulia, akielekea darasani, kwenye zile kelele, na kila alipopiga hatua alionekana mdogo zaidi, na Mwalimu Seif akajiambia angoje, angoje tu, mtoto wake yuko hapa ndani amelala chini ya shuka, akageuka kulitazama shuka na kuliona limelala sakafuni bapa, halina mtu, na wakati huohuo nyuma yake, jikoni, mahali ambapo hakukuwa na mtu yeyote, mguu ukapiga chini mara moja na kicheko kikazibwa kwa kiganja.

Mgeni alikuwa amebaki ndani. Aliyetoka alikuwa mwanawe.

Au hivyo ndivyo alivyotakiwa aamini. Hata hilo lilimpitia kichwani, kwa maana hakuwa mjinga, na hakukuwa na njia ya kulipima, na mtoto alikuwa akienda, na mkono wa Bi Pola ulikuwa mkono wa mwanamke mzee tu. Akauchomoa wake. Akakimbia mpaka ukingo wa kibaraza, na akaita kwa sauti yake yote, uso ameuelekeza darasani.

"Mwanabibi! Rudi, mwanangu! Rudi nyumbani! Karibu ndani!"

Mle darasani kelele zikakatika ghafla, kama zinavyokatika pale mgonjwa anapotulia. Mtu mmoja akasema haleluya.

Mwanabibi alisimama katikati ya uwanja. Akageuka, akaanza kurudi, bila haraka. Alipita karibu na baba yake bila kumtazama. Kwenye mlango hakuingia. Alijibanza kwenye fremu, akainamisha kichwa kama mtoto aliyelelewa vizuri anayempisha mtu mzima, akangoja kwa muda wa mtu mmoja kupita. Akabaki palepale, kichwa kingali chini, akampisha mwingine. Kisha mwingine. Vumbi la kizingitini lilisogea na kutulia, likasogea na kutulia. Mwalimu Seif alisimama akitazama mpaka akaacha kuhesabu. Wa mwisho alipokwisha pita, mtoto akavua ndara zake, akazipanga, naye akaingia.

Bi Pola alitokea mlango wa uani na mkoba wake kifuani. Chetezo alikiacha. Alimpita Mwalimu Seif kwa mbali, akijibana ukutani. Kule ng'ambo waumini walikuwa wakitoka darasani kwa furaha, wakipeana mikono, mwanamke mmoja akilia na kucheka kwa pamoja, na Mchungaji Thuku akamwona Mwalimu Seif kutoka mbali na kumpungia.

Yeye alikuwa bado amesimama nje ya nyumba yake. Kutoka ndani kulikuja harufu ya kikuba, na chini yake ile ya maji ya mtungini, na mtu alikuwa akitandika mkeka. Mtoto wake yumo humo. Hilo alilijua, na hakujua lingine lolote.

Akasogea kando ya mlango, kama watu wa kwao wanavyosimama.

"Hodi," akasema.

"Karibu, Mwalimu," wakaitikia, wengi, kwa sauti moja ya Lubna.

Mwalimu Seif akavua viatu, akaviweka kando ya zile ndara ndogo, akaingia.